Swali la Ushuru Nililomwibia Mama

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla hujausikia kwa majirani ambao watauongezea chumvi. Ni mimi niliyepanda jukwaani siku ile ya kampeni, nimevaa fulana yenye uso wa mgombea, iliyonifika karibu na magoti, nikashika kipaza sauti na kumwiga mama yangu mzazi mbele ya wadi nzima. Niliiga Kiswahili chake cha sokoni. Niliiga anavyoshika kiuno akibishana. Niliiga hata anavyovuta pumzi kabla ya kutaja bei. Watu walicheka mpaka mgombea akatoa leso na kujifuta machozi. Mama alikuwa hapo hapo, mstari wa tatu upande wa wanawake, amesubiri juani tangu saa nane ili aulize swali. Swali lenyewe ndilo hilo nililoligeuza kichekesho.

Na ujinga huo una upande mbaya zaidi: mwalimu wa swali hilo nilikuwa mimi.

Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, anauza maziwa ya ngamia. Baba yuko na ngamia upande wa Habaswein, na maziwa husafiri usiku kwenye jerikani za njano, yakafika Garissa asubuhi juu ya pikapu. Zamani hooyo alikuwa anapokea jerikani nne kila siku. Mwaka jana zikawa mbili. Sasa ni moja, na hiyo moja siku nyingine inarudi nyumbani, mtaa wa Iftin, ikiwa nusu, tunakunywa maziwa mchana, jioni na asubuhi, hadi nikaanza kuogopa kufungua mdomo darasani nisije nikalia kama ndama wa ngamia.

Kosa si la ngamia. Ngamia wanafanya kazi yao. Kwanza wateja wamekauka. Duka la kona yetu lililokuwa linapima sukari kwa kilo, sasa linaifunga kwenye vijikaratasi kama dawa. Chai ya hotelini imekuwa na maziwa machache kiasi kwamba unaona sakafu ya kikombe. Idi iliyopita nilishonewa shati linalonitosha mimi na rafiki yangu, fundi akaambiwa ni la Idi mbili zijazo. Kinyozi wetu ameanza kukubali kunyoa nyuma na pembeni tu, juu umalizie mwezi ukiisha.

Pili, kuna ushuru. Gari la maziwa likifika kizuizini kabla ya kuingia mjini, kila jerikani inalipiwa. Likifika lango la soko, inalipiwa tena. Jerikani ile ile, maziwa yale yale, kana kwamba kati ya kizuizi na soko yamegeuka petroli. Na nyuma ya soko kuna chumba cha baridi cha kuhifadhia maziwa, kilichojengwa na mradi mmoja uliokuja, ukakata utepe, ukaenda. Kimefungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyefikiria nani atalipa umeme. Wanaofaidika nacho ni mbuzi, wanaolala kwenye kivuli chake. Kwa hiyo maziwa yasiponunuliwa kufikia adhuhuri, kwa jua letu, yanaanza kuchacha, na hooyo anayatoa kwa bei ya kusikitisha.

Sasa, ushuru huo haukushuka na mvua. Kuna watu waliokaa kwenye viti vinavyozunguka, ndani ya ukumbi wa bunge la kaunti wenye feni, wakanyoosha mikono na ukapita. Na watu hao hatukuletewa na upepo. Tuliwachagua.

Hooyo aliligundua hilo kabla yangu mimi niliye kidato cha tatu na kitabu cha somo la biashara begani. Akasema msimu huu wa kura hatauliza habari ya barabara wala kisima, atauliza kitu kimoja tu: ushuru wa maziwa mtautoza mara moja au mara mbili, na umeme wa chumba cha baridi utatoka fungu gani? Kwa Kisomali angeliuliza akiwa amelala. Lakini siku hiyo palikuwa na mgeni wa chama kutoka Nairobi, mkutano ungekuwa wa Kiswahili, na hooyo alitaka mgeni naye asikie ili asije akatafsiriwa uongo. Akaniomba nimfundishe. Wiki nzima alikuwa anasuuza jerikani huku anakariri, mimi nakula huku namsahihisha, kwa kiburi cha mtu aliyepata C ya Kiswahili. Neno lililomshinda ni fungu. Kila jioni tulianguka hapo hapo, tukainuka, tukaanza upya.

Siku ya mkutano nilikwenda kama msanii. Kijana mmoja wa mgombea, mwenye miwani myeusi ambayo haitoki hata ndani ya nyumba, alikuwa amesikia kuwa shuleni ninamwiga naibu mwalimu mkuu mpaka wenzangu wanasimama wima. Akanipa fulana, akaniahidi sahani ya pilau. Aliniambia watu wana dhiki, niwachekeshe kidogo wasahau. Nikamwiga mwalimu, watu wakacheka. Nikaiga tuktuk inayokataa kuwaka, wakacheka kidogo. Kisha kichwa kikawa kitupu. Nyuso elfu zinakutazama, jua linakupiga utosini, pilau inanukia nyuma ya jukwaa. Nikanyakua kitu kilichokuwa karibu zaidi akilini, na karibu zaidi kulikuwa na hooyo, anahangaika na neno fungu.

Zamu ya maswali ilipofika, yeye alikuwa ameandikishwa wa tatu. Akainua mkono. Mshereheshaji akamwona, akatabasamu, akasema kwenye kipaza sauti: "Mama, swali lako tumeshalisikia kwa kijana." Uwanja ukacheka mara ya pili, na safari hii mimi sikucheka. Mgombea akaongeza kuwa mama wa maziwa ni mama yetu sote, watu wakapiga makofi, ikasomwa dua, ikagawiwa sukari, kilo mbili kila mwanamke. Hooyo aliichukua yake. Sukari ni sukari.

Nyumbani hakunipigia kelele. Angenipigia ningejitetea, mimi ni hodari wa kujitetea. Alinimiminia chai, akaniwekea anjera yangu, akaniambia kuwa kesho ni Jumamosi, gari linafika saa kumi na mbili, na nitakuwepo.

Nilikuwepo. Ukitaka kujua watu wetu ni werevu kiasi gani, nenda pikapu ya maziwa inaposhusha mzigo. Hakuna mwanamke anayechukua jerikani kwa sababu ni ya njano. Anafungua kifuniko, ananusa. Anamimina kidogo kiganjani, anaonja, anatazama mbinguni kama anayesikiliza simu ya mbali. Anauliza yamekamwa lini, ngamia wa nani, walikunywa maji wapi, jerikani ilifukizwa moshi wa mti gani. Asubuhi hiyo jerikani mbili zilirudishwa juu ya gari, na moja ilikuwa ya binamu wa mwonjaji mwenyewe. Alimwambia dereva ampelekee binamu salamu, na maziwa yake pia.

Halafu watu hao hao, siku ya kuchagua mtu atakayepanga bei ya kila kitu kwa miaka mitano, wanampokea akiwa na kifuniko kimefungwa.

Maana kwetu mgombea hapatikani kwa kura. Kura ni muhuri tu. Mgombea anapatikana kwa wazee kukaa siku tatu, kuchinja mbuzi, kutafuna miraa na kupiga hesabu ya zamu za koo: kiti kilikuwa kwa wale, kabla yao kwa hawa, sasa ni chetu. Adeer, ndugu mkubwa wa baba, alikuwa mmoja wa wazee hao, na mimi nilikuwa mpeleka chai, kwa hiyo nilisikia karibu yote. Walimjadili baba wa mgombea. Walimjadili babu yake. Walimjadili mjomba wake aliyewahi kuwachimbia watu kisima wakati wa ukame. Aliyesahaulika kujadiliwa ni mgombea peke yake. Siku ya tatu wakamsomea dua, na mtu akishasomewa dua, kumuuliza habari ya ushuru kunaonekana kama kutilia shaka amina za watu wazima.

Hapo sokoni nilianza kulipa deni la kichekesho changu bila kuombwa. Video yangu ilikuwa imefika kwenye kila simu. Wateja walikuwa wanakuja kwa hooyo, wanashika kiuno, wanamuuliza, "Mara moja au mara mbili?", wanacheka, wanaondoka bila kununua hata nusu lita. Yeye anafunika jerikani, anafunua, anafukuza nzi. Mwanamke anayeuza kando yake, aliyekuwa mstari mmoja naye tangu mimi sijaota meno, alikunja turubai lake saa nne. Alimwambia hooyo kuwa ameacha. Alisubiri swali lijibiwe uwanjani ajue kama angoje au asingoje, halikujibiwa, basi anakwenda kufulia watu nguo majumbani. Mwaka jana walikuwa tisa kwenye mstari huo. Kwa kuondoka kwake wakabaki watano. Hooyo alimsaidia kubeba vyombo hadi kwenye mkokoteni. Mimi hawakuniambia nibebe, na hilo lilinichoma kuliko kofi.

Adeer alipita baadaye kuchukua kikombe chake cha bure, ambacho nacho ni aina ya ushuru, wa tatu. Akanipigapiga bega.

"Waryaa, kijana, jana ulitufurahisha sana."

Nikamuuliza mgombea wetu atafanya nini kuhusu ushuru wa maziwa.

"Kiti ni zamu yetu," akasema.

"Zamu ya nani, adeer?"

"Yetu. Wewe, mimi, mama yako."

"Na hooyo anapolipa mara mbili, hiyo ya pili ni zamu ya nani?"

Alikunywa hadi mwisho, akafuta ndevu, akaniambia nisome kwanza. Ndiyo kwanza nasoma, wallahi. Kitabu changu kina sura nzima kuhusu kodi, na nikitazama ushuru unaolipwa mara mbili kwa kitu kimoja, naona kuna watu wazima walioruka sura hiyo ili wafike haraka kwenye picha.

Nitasema ninavyoona mimi, na anayetaka kunicheka acheke, nimezoea. Miaka mizuri, mvua imenyesha, mifugo imenona, mishahara ya maofisini inaingia kwa wakati, unaweza kumchagua mtu kwa sababu ya babu yake na usiumie sana. Akikosea, kuna mafuta ya kufunika kosa. Lakini miaka kama hii, kosa halina pa kulala. Mtu ananyoosha mkono ukumbini, na kabla hajaushusha, mwanamke sokoni amekunja turubai. Sasa ndipo ungetarajia watu wote wa Garissa wanuse kifuniko. Badala yake dhiki ikizidi, kilo mbili za sukari zinang'aa zaidi. Sukari ile nyumbani kwetu ilidumu siku nane, na siku mbili za mwisho tulikuwa tunadanganyana. Mkono ulionyooshwa ukumbini unadumu miaka mitano.

Wiki iliyofuata yule wa miwani alinitafuta tena. Mgombea angekunywa chai na akina mama wa Iftin, alasiri, ndani ya boma la jirani yetu, na alitaka kile kichekesho cha mama wa maziwa, kile kile. Nilikubali haraka mno, naye angeshuku hapo hapo kama angekuwa ananijua.

Mikeka ilitandikwa, mgombea akakaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwepo, hooyo akakaa na wenzake wanne wa maziwa karibu na birika. Nilipopewa kipaza sauti nikasema kichekesho cha leo kina watu wawili. Mimi nitakuwa mama wa maziwa. Mheshimiwa atakuwa Mheshimiwa, kwa kuwa hakuna anayemjua zaidi yake. Wanawake wakacheka, wakapiga makofi. Yule wa miwani alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, lakini Mheshimiwa alishapenda makofi. Akaniambia nianze.

Nikashika kiuno. Nikavuta pumzi. Nikauliza swali la hooyo, neno kwa neno, safari hii bila kuharibu hata herufi, hata fungu.

Akajibu kwa mbwembwe, akijua ni mchezo: "Mama yangu, mimi nitaufuta ushuru wote. Hakuna kulipa kizuizini, hakuna kulipa sokoni."

Makofi. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi mwenyewe ningeishia hapo, nilikuwa sijapanga mbele zaidi, nilidhani nimeshinda. Lakini hooyo alisema kutoka mkekani, bila kipaza sauti na bila kusimama, kwa sauti ile anayotumia kwa dereva wa pikapu.

"Ukiufuta wote, soko nani atalifagia? Na umeme wa chumba cha baridi utalipa na nini?"

Mheshimiwa alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Nikamwelekeza kwa kidole.

"Sisi hatukatai kulipa," hooyo akaendelea. "Tunataka kulipa mara moja, na tuone imekwenda wapi. Nimekuuliza hilo."

Akasema litaangaliwa. Akaulizwa na nani. Akasema itaundwa kamati. Mwanamke mwingine wa maziwa akauliza kama kamati hiyo inakunywa maziwa ya ngamia, maana wao wanatafuta wateja. Mgombea alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Mtu aliyesomewa dua baada ya siku tatu za kuchinja mbuzi hakuwa ameketi hata nusu saa na kijikaratasi kufikiria kodi ya kitu ambacho nusu ya wapiga kura wake wanakiuza na nusu nyingine wanakikamua. Yule wa miwani akasema muda umekwisha, tusome dua. Tukasoma. Sukari siku hiyo haikutosha, au ilibaki ndani ya gari, sijui.

Nje ya boma adeer alimsubiri hooyo. Hakupaza sauti, majirani walikuwa wanapita, lakini alimwambia amewaaibisha wazee na kwamba wale wa upande mwingine watasikia. Hooyo alimjibu kwa adabu zote kuwa wazee amewaheshimu, ndiyo maana hakuwauliza wao. Adeer akanigeukia na kuniita jina la mnyama nisiloliandika hapa.

Mimi nilikuwa nasubiri sifa. Nilifikiri tumelingana, nimeiba swali na nimelirudisha, akaunti imefungwa. Hooyo alitembea hadi nyumbani, akavua kandambili, akaniambia kesho nimpeleke kwa mgombea mwingine, anataka kumuuliza mwenyewe.

Yule mwingine si wa kwetu. Ni wa ukoo ambao kwa hesabu ya wazee zamu yake itafika wakati mimi nikiwa na wajukuu. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za mbuzi, hana msafara, hana fulana, bango lake la pekee liko kwenye lango lake mwenyewe, na hilo limebanduka pembe moja. Akihutubia, watu huangalia simu. Tulimkuta akitengeneza mpini wa jembe. Hooyo alimsalimia, akamwambia ana swali, kisha akanigeukia na kuniamuru nikae nje.

Nikakaa nje. Nilijaribu kusogea karibu na dirisha, mlinzi wa lango akanisogeza kwa fimbo yake bila hata kuniangalia, jinsi mtu anavyomwondoa mbuzi kwenye unga. Hawakucheka huko ndani. Hapakuwa na makofi. Mara moja tu nilisikia hooyo akisema hapana, na yule bwana akisema sawa, basi nieleze tena. Mtu anayeomba kura akisema nieleze tena, nilidhani nimesikia vibaya.

Alitoka alasiri imeshaadhiniwa, anafunga vizuri shungi lake. Tulitembea hatua kadhaa ndipo nikamuuliza amejibiwa nini. Alinijibu kwa Kisomali, na kwa mara moja katika maisha yangu natafsiri bila kuongeza kitu:

"Amesema ushuru wa mara moja anaweza kuupigania, chumba cha baridi hawezi mwaka wa kwanza, na kuhusu maziwa hajui chochote. Nimemwambia kesho alfajiri asimame kizuizini, apokee jerikani yangu moja, ailipie hapo, ailipie tena langoni, kwa pesa yake, na aniletee mpaka kwenye turubai langu. Akifika, tutazungumza kura. Asipofika, bado kuna wagombea wawili sijawauliza, na wewe utanipeleka."